Mwavuli wa Njano na Jibini ya Miaka Mitatu

Jumatatu, 4 Mei

Barua ya Mama imefika. Anakuja Jumamosi. Atakaa wiki nzima. Na Jumapili, anasema, anataka kwenda kwenye yale matembezi yangu ya jibini, aone ninavyowaongoza watu.

Balaa!

Maelezo kidogo, kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii. Kwa miaka mitatu nimemwandikia Mama kila mwezi, bila kukosa, kwamba mimi ndiye kiongozi mkuu wa matembezi ya kuonja jibini katika mji mkongwe. Huo si uongo. Ni kuitangulia habari. Kwa sasa, kwa muda tu, napokea makoti pale makumbusho. Mgeni ananipa koti, nami nampa kibati cha namba. Kazi ya mjinga yeyote, na mimi naifanya kwa akili nyingi kupita kiasi.

Dada yangu, ambaye nakaa naye, katika chumba cha nyuma ya jiko lake, ameisoma barua juu ya bega langu. Akasema nimwambie Mama ukweli, yaishe. Shemeji alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Shemeji ni fundi bomba. Maisha yake yote yamo ndani ya mabomba ya watu wengine, halafu anapata ujasiri wa kumcheka mtu!

Kumwambia Mama ukweli haiwezekani. Ana miaka sabini na mitatu, na amewatangazia majirani wote. Mwenyewe hakusoma sana. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja, kitengo cha kugeuza. Kugeuza nini, sijui. Sikuwahi kuuliza.

Nimemjibu hapo hapo: karibu sana, Jumapili utaniona kazini. Nimetumia karatasi ya ofisi, kama kawaida yangu. Karatasi nzito, nzuri. Upande mmoja imechapwa mambo ya ofisi, lakini upande wa pili ni mweupe kabisa. Wenzangu wanaitupa. Watu wengine hawana akili.

Lazima niwe kiongozi wa matembezi kufikia Jumapili. Siku sita. Mtu wa kawaida angehitaji mwaka.

Jumanne, 5 Mei

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba jino linaniua. Tunamwita Mama Funguo, kwa sababu ya lile fungu la funguo linalolia kiunoni mwake kutwa. Akanipa ruhusa ya alasiri. Nilishika shavu la kushoto. Nikumbuke: la kushoto.

Nikaenda kwenye matembezi kama mgeni. Saa kumi kamili, chini ya mnara wa saa. Tulikuwa watu kumi na wawili. Walikuwemo maharusi wapya, waliong'ang'ania kushikana mikono hata kwenye vichochoro visivyopitisha watu wawili. Alikuwemo mwalimu mstaafu mwenye daftari. Na bibi mmoja mwenye kofia pana iliyonifichia nusu ya mji.

Kiongozi wao ni Bwana Mwavuli. Nimemchukia tangu siku ya kwanza nilipomwona akipita mbele ya dirisha langu. Mvua hainyeshi, jua halichomi, yeye kanyanyua mwavuli wa njano na kundi zima linamfuata nyuma. Hana lolote. Anasema karibuni, karibuni, mara kumi kwa dakika. Anasema ukuta wa mji una miaka mia sita. Alihesabu nani? Alikuwepo?

Duka la kwanza ni la mama mmoja mwenye mikono iliyolowa. Jibini nyeupe, laini, ya juzi. Haina ladha. Ni maziwa yaliyokataa kuondoka. La pili, jibini ya mbuzi iliyoviringishwa kwenye majivu. Majivu! Tena kwa makusudi! Maharusi wakalishana. Mwalimu akaandika. Mimi nilimeza bila kutafuna, kama dawa. Bwana Mwavuli akaeleza kwamba tunaanza na zile za upole na kumalizia na kali, kwa sababu ulimi ukishapigwa na kali hausikii tena ya upole. Maneno matupu ya kujifanya mjuzi.

La tatu si duka. Ni ghala la chini ya ardhi, ngazi ishirini na mbili za mawe yanayoteleza, baridi mpaka kwenye meno. Humo yumo Mzee wa Ghala, na rafu za magurudumu ya jibini kutoka chini hadi darini. Kubwa kuliko yote liko mwisho kabisa, lina alama ya chaki. Lina miaka mitatu. Mwezi ujao litashindanishwa na magurudumu ya miji mingine. Mzee amekuwa akiligeuza kila asubuhi, miaka yote hiyo, ili unyevu usilale upande mmoja. Miaka mitatu unageuza kitu kile kile! Kuna watu wana maisha ya ajabu.

Na hapo nikaona uchoyo wa kuandikiwa shajara. Mzee alichukua mrija wa chuma wenye mpini wa mti. Akauchoma kwenye gurudumu la kawaida karibu na mlango, akauzungusha, akautoa na kijiti cha jibini ndani, kirefu kama kidole. Akakinusa. Akavunja ncha, ndogo kama ukucha, akatugawia makombo watu kumi na wawili. Halafu, naapa, akakirudisha kijiti kilichobaki ndani ya tundu lake na kupaka mafuta juu kwa kidole gumba, kana kwamba hakuna mtu aliyegusa! Watu wamesafiri kuja kuramba ukucha! Mkono wa birika kama huu sijawahi kuuona. Lile la chaki ndiyo kabisa, halisogelewi.

Ningekuwa mimi kiongozi, kila mgeni angepata kijiti chake kizima.

Jumatano, 6 Mei

Njama ya kwanza. Barua ya malalamiko kwa ofisi ya waongoza wageni, bila jina. Nimejiita Mgeni Mwenye Hasira. Nimeeleza kwamba Bwana Mwavuli ana majivuno, anakohoa juu ya vyakula na hajui historia. Nikashauri aondolewe kabla ya Jumapili, na nafasi yake apewe mtu mwenye sura ya usomi, kwa mfano yule bwana wa makumbusho anayepokea makoti.

Niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nilifikiria kila kitu. Saa saba mchana nikaidumbukiza kwenye sanduku lao la maoni.

Saa tisa Bwana Mwavuli alisimama dirishani kwangu. Anatabasamu! Akaitoa ile barua, akaigeuza, akailaza juu ya kaunta taratibu, akaipigapiga kwa kidole. Akasema Mgeni Mwenye Hasira akipita tena nimpe salamu zake, na kikohozi kimepona. Kisha akaondoka na mwavuli wake, akimwambia kila mtu mlangoni karibuni.

Sijui amejuaje. Mwandiko ulikuwa wa kushoto. Karatasi ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ninayotumia kila siku. Lazima kuna jasusi. Namshuku Mama Funguo.

Mama Funguo mwenyewe aliniuliza habari za jino. Nikashika shavu la kulia. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Alhamisi, 7 Mei

Siku tatu zimebaki.

Baada ya zamu niliwafuata kwa nyuma, nikijificha kwenye milango. Nilitaka kunakili kila neno la Bwana Mwavuli. Sikupata hata moja, kwa sababu ya upepo na mbwa mmoja aliyenishuku. Lakini nimepata kitu bora zaidi!

Karibu na duka la kinyozi, Bwana Mwavuli aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mwavuli akaulaza chini. Wakati huo huo akapita mwanamke mmoja na shughuli zake, kajifunika mwavuli wa njano. Kundi zima likamfuata. Watu kumi na wanne waliingia naye kwa kinyozi na kusimama pale wakisubiri maelezo. Mmoja alipiga picha ya kiti.

Nilibaki nimeduwaa mlangoni. Hawamfuati yeye! Wanafuata mwavuli!

Jioni nilifanya mazoezi jikoni kwa Dada. Sufuria tatu zilikuwa maduka, Shemeji alikuwa mgeni. Nikamwongoza kutoka sufuria hadi sufuria. Kuhusu ukuta nilisema ulijengwa kuzuia panya wasiingie kula jibini, jambo ambalo nimelitunga mwenyewe na lina mantiki kuliko yote niliyosikia Jumanne. Shemeji akauliza kwa nini jibini nyingine zina matundu. Nikamjibu ni ya hewa. Akauliza hewa ya nani. Maswali ya kipuuzi. Nikafunga matembezi.

Dada alikuwa anamenya viazi. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba nguvu zote hizi ningezitumia kusema sentensi moja, saa hizi ningekuwa nimelala. Dada yangu ni mtu mwema lakini haoni mbali.

Ijumaa, 8 Mei

Mwavuli wa njano umepatikana. Chumba chetu cha makoti kina rafu ya vitu vilivyosahaulika: miavuli kumi na mmoja, bakora mbili na kiatu kimoja ambacho hakuna anayeweza kukieleza. Kati ya miavuli, mmoja ni wa njano. Una kasoro moja tu. Ni wa mtoto. Juu umeshonewa masikio mawili ya paka.

Nikayakata kwa mkasi wa ofisi. Yamebaki mabaki mawili, kama nyusi. Kwa mbali hayaonekani. Kwa karibu nitakuwa nauzungusha.

Mpango wenyewe ni mwepesi mpaka unanitia kichefuchefu. Wageni wa Bwana Mwavuli hufika mapema, watu wa likizo hawana kazi. Nitasimama chini ya mnara saa tisa na nusu. Watauona mwavuli. Watanifuata. Yeye akija saa kumi atakuta njiwa. Na ili tusikutane naye njiani, nitaanzia mwisho: ghala kwanza, maduka baadaye. Mama ataniona nikiongoza. Mara moja inatosha. Baada ya hapo naweza kustaafu kwa heshima, kwa barua.

Nimepiga moyo konde. Hakuna kitakachoharibika.

Jumamosi, 9 Mei

Mama kafika kwa basi la mchana. Begi dogo, koti zito la kijivu, na ile mikono yake mipana ambayo sijui kaitoa wapi. Alinikumbatia mbele za watu. Akanishika mabega, akayabonyezabonyeza kama anayenunua godoro, akauliza kama hayaniumi kwa kunyanyua vitu kutwa nzima. Nikamkumbusha kwamba kiongozi wa matembezi hutumia miguu. Akasema ndiyo, mwanangu, nilisahau. Kisha akanipa kichupa cha dawa ya kuchua mabega.

Anazeeka. Inasikitisha kuona.

Wakati wa chai aliuliza kama pale kazini kuna baridi mlango ukifunguliwa. Mlango gani? Nikamwambia mji mkongwe uko nje. Shemeji akapaliwa na mkate. Dada akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Nilimweleza Mama kuhusu jibini kwa saa nzima, asije akaaibika kesho mbele ya wageni wangu. Nilimfundisha kwamba jibini inatokana na maziwa. Alisikiliza vizuri sana. Aliuliza swali moja tu, kama pale ghalani wanageuza kila siku au siku moja moja. Nikamwambia hayo ni mambo ya vibarua, asijichoshe nayo.

Jumapili, 10 Mei

Nitaanza mwanzo.

Saa tisa na nusu, chini ya mnara. Mama kavaa koti lake la kijivu. Nikaunyanyua mwavuli na kuuzungusha. Wakaja! Mmoja mmoja, kama kuku wanaoona mtama. Mwenye duka la viatu na mkewe, wauguzi watatu walio likizo, mzee mmoja na binti zake, wengine sikuwapa cheo. Baada ya robo saa walikuwa kumi na watatu pamoja na Mama. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Binadamu ni kiumbe cha kusikitisha.

Nikawapeleka mbio. Kuhusu ukuta na panya walitikisa vichwa na wauguzi wakapiga picha. Mama alitembea karibu nami, akinitazama mimi na siyo ukuta.

Ghalani hakukuwa na mtu. Mlango wazi, na kutoka chumba cha nyuma unasikika mkoromo. Mzee wa Ghala alikuwa amelala usingizi wa alasiri. Bahati iliyoje! Mrija wa chuma ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake.

Nikahutubia. Nikasema viongozi wengine, nisiwataje, huwaonjesha wageni ukucha. Leo kila mtu atapata haki yake. Nikaenda moja kwa moja hadi mwisho, kwenye lile kubwa lenye chaki, kwa sababu mgeni wangu hapewi kitu cha mlangoni. Nikachoma. Nikazungusha. Nikatoa kijiti kizima, nikampa mke wa mwenye duka la viatu. Akasema mmh! kwa macho yaliyofumbwa. Nikatoa cha pili. Cha tatu. Nikapata mtindo, nikawa narudi nyuma hatua moja kabla ya kuchoma. Walipiga makofi! Katika miaka arobaini na minane sijawahi kupigiwa makofi. Kijiti cha mwisho nilikula mwenyewe. Matundu kumi na manne, mbele na pembeni.

Mama peke yake hakula. Alisimama na kijiti chake mkononi, amekishika kama mtu anavyoshika jino lililong'oka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, virudishe." Nikamwambia Mama, usiwe mchoyo kama wao.

Mkoromo ukakatika.

Mzee wa Ghala alitoka akifikicha macho. Akatuona. Akaliona gurudumu. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikwenda akatia kidole kwenye tundu moja, akakitoa, akatia kwenye jingine. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliuliza vijiti viko wapi. Hakuna aliyejibu, kwa sababu wengi walikuwa bado wanatafuna. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba tundu likiachwa wazi hewa inaingia, na hewa ikiingia ukungu unaota ndani, na kwamba miaka mitatu imekwenda na maji.

Nami nilidhani anarudisha kwa uchoyo! Mtu angewezaje kujua? Kwa nini wasiandike kibao?

Na hapo hapo Bwana Mwavuli akashuka ngazi, anahema, peke yake. Akautazama mwavuli wangu kwa karibu. Akauliza zile nyusi ni za nini. Wageni wakatazama mwavuli wake, kisha wangu, kisha mimi. Mwenye duka la viatu akauliza kwa nguvu, "Kwani huyu ni nani?"

Nilitoa macho. Nilitamani zile ngazi ishirini na mbili zinimeze.

Mama akavua koti lake. Akaninyooshea bila kunitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nililipokea, nikalikunja juu ya mkono kola ikiangalia nje, nikatia mkono mfukoni na kumpa kibati. Namba kumi na nne. Mkono ulijiendea wenyewe! Bwana Mwavuli aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Mama alikunja mikono ya gauni. Akaomba maji ya moto, kisu kisicho na meno, mafuta na jibini changa. Akaenda kwa wageni na kiganja wazi, na watu wazima, pamoja na wauguzi, wakatema au kurudisha mabaki kama watoto waliokamatwa na peremende. Vilivyotafunwa alivitupa. Vijiti vitatu vilikuwa bado vizima, na cha kwake cha nne. Akavirudisha, kila kimoja tundu lake, akijua kipi ni cha wapi kwa kukitazama tu. Mengine akayaziba kwa jibini changa aliyoikanda mpaka ikawa kama udongo. Akapaka mafuta kwa kidole gumba. Akagonga gurudumu kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, akasogea, akagonga tena.

Mzee alisimama kutoka kwenye ndoo. Akauliza, dada yangu, umejifunzia wapi?

Mama akasema kiwandani. Miaka thelathini na moja, kitengo cha kugeuza.

Kumbe ilikuwa jibini.

Akamwambia Mzee mashindano yasahauliwe, lakini gurudumu litapona, mradi ligeuzwe asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na likatwe kabla ya mwezi kwisha. Mzee akasema mgongo wake haumruhusu mara mbili kwa siku. Mama akainama, akaliingizia mikono chini lile gurudumu zima, akaligeuza. Mzee akauliza kama ana haraka ya kurudi kwake. Mama akasema hana.

Wageni wakamwomba yeye awamalizie matembezi. Walikuwa hawasikii tena ladha ya chochote, ulimi umeshapigwa na kali, lakini walimfuata. Bwana Mwavuli alimshikia mwavuli! Nje jua lilikuwa limewaka, na kwa kuwa waliniona nimeshika koti moja, wakanipa na yao. Nilitembea nyuma na makoti kumi na matatu.

Jumatatu, 11 Mei

Asubuhi, kabla sijaenda kazini, Mama alikuja chumbani kwangu. Akakaa kitandani. Akatoa kwenye begi barua zangu zote, thelathini na sita, zimefungwa kwa utepe. Akazipanga juu ya blanketi, mwandiko juu. Kisha akaanza kuzigeuza. Moja baada ya nyingine, bila haraka. Kila moja nyuma imechapwa hivi: MAKUMBUSHO. CHUMBA CHA MAKOTI. TUMEPOKEA KWA MGENI: KOTI, KOFIA, MWAVULI.

Mara thelathini na sita.

Akasema alijua tangu barua ya kwanza. Akasema mtu aliyefanya kazi yake hawezi kuona kitu kimelala upande mmoja asikigeuze. Akasema majirani hakuwaambia habari za jibini hata siku moja, aliwaambia mwanawe anatunza makoti ya watu na halijawahi kupotea hata moja. Nilimuuliza sasa alikuja kufanya nini. Akasema alitaka kuniona kazini. Alitaka asimame dirishani kama mgeni mwingine yeyote, anipe koti, nimpe namba.

Akafungua kiganja. Kibati namba kumi na nne. Akasema amekipata alichokifuata, na kama hairuhusiwi atakirudisha.

Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia tu akae nacho. Kisha nikachelewa kazini na Mama Funguo akanitupia maneno makali mbele ya mgeni.

Nimepata onyo la maandishi kuhusu mwavuli. Limechapwa kwenye karatasi nzuri sana.

Jumatano, 13 Mei

Leo mwanamke mmoja amekuja kudai mwavuli wa mwanawe, wa njano, wenye masikio. Nikamwambia mwavuli wenye masikio haujawahi kutengenezwa duniani. Akalia kidogo. Watu wanatunga mambo!

Mama yuko ghalani asubuhi na jioni. Bwana Mwavuli sasa anawatangazia wageni kwamba watamwona bingwa wa kugeuza. Wanapanga foleni kumwona bibi akigeuza jibini! Hawa ndio binadamu ninaoishi nao.

Lakini akili yangu haijalala. Jana imekuja barua ya Mama Mdogo, ndugu yake Mama, anauliza habari zetu. Nimemjibu leo. Nimemweleza kwamba nimepandishwa cheo, sasa nasimamia matembezi yote ya mji mkongwe, na kwamba nimeajiri mtaalamu mmoja wa ghala, mama wa makamo, anayefanya kazi chini yangu. Nimemkaribisha aje ashuhudie mwezi wa saba.

Nimetumia karatasi ile ile, lakini safari hii si mjinga. Nimegeuza kwanza upande wa nyuma na kupiga mstari mnene juu ya maneno "makumbusho" na "koti." Kofia na mwavuli nimeviacha. Mtu yeyote anaweza kuwa na kofia na mwavuli.

Isitoshe, Mama Mdogo hana udadisi wa dada yake. Alifanya kazi ofisi fulani ya serikali mpaka akastaafu, kitengo cha kukagua nyaraka za kughushi au kitu kama hicho. Hasa alikuwa anakagua nini, sijui. Sikuwahi kuuliza.